Nyumba Tulizozirudia

Bibi alikuwa ameziba matundu yote. Manane ya upande wa mashariki, manane ya upande wa magharibi, kila moja na kipande chake cha kanga kuukuu kilichosokotwa na kushindiliwa hadi ndani. Yale ya juu ya kitanda aliyaongezea majani makavu ya mgomba. Nilisimama katikati ya chumba na daftari langu, nimetumwa kuhesabu yaliyo mazima na yaliyoharibika, nikashindwa kuandika chochote. Mwaka mmoja nyuma nilisimama mbele ya mkutano wa kijiji nikayaeleza matundu hayohayo kwa uhakika mkubwa: yatapitisha hewa, yatatoa joto, hamtahitaji feni wala umeme.

"Usiku baridi inaingia humu mpaka nakohoa," bibi akaniambia. "Na mvua ya upepo ikitoka ziwani inanikuta kitandani. Waitu, ninyi mlilala humu hata siku moja?"

Hatukulala. Tulikuwa watumishi tisa, tumeshajenga nyumba 31, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala katika mojawapo.

Shirika letu ni dogo, lisilo la kiserikali, na linafanya kazi Mkoa wa Kagera peke yake. Ofisi ni vyumba vitatu Bukoba mjini, na uani kuna banda la mashine za kufyatulia tofali. Tunajenga, na zaidi ya kujenga tunafundisha mafundi, namna ya kusimamisha nyumba bila kumaliza miti: tofali za udongo zisizochomwa, maji ya mvua yanayokingwa badala ya kupotea, madirisha yanayopokea mwanga wa mchana. Mimi ni mkadiriaji majenzi na huu ni mwaka wangu wa saba. Nikisikia watu wanazungumzia majengo ya kijani, mara nyingi wana picha ya ghorofa la vioo lenye paneli za jua juu yake. Picha niliyo nayo mimi ni ya mzee mmoja amechuchumaa kando ya shimo la udongo, anaonja mchanga kwa meno.

Kilichonirudisha Kagera ni tetemeko. Jumamosi ya Septemba 10, 2016, kwenye saa tisa na nusu alasiri, ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9. Nilikuwa mwanafunzi Dar es Salaam. Mama alinipigia akiwa amekaa kwenye kibanja chini ya migomba, mkononi ameshika ufunguo wa nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma haukuwepo tena. Alikuwa anarudia neno moja tu: "Nimefunga mlango. Nimefunga mlango." Watu zaidi ya 15 walifariki na mamia walijeruhiwa. Shule ya Sekondari Ihungo, ambayo wazee wetu wengi wa mkoa huo walipita, iliharibika kiasi kwamba ilibidi ijengwe upya.

Likizo iliyofuata nilitembea vijiji vitatu nikitazama nyufa. Karibu zote zilianzia pembe ya dirisha zikapanda mshazari kuelekea juu ya ukuta. Nyumba za tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa tope, bila lenta, yaani mkanda wa zege juu ya madirisha, zilikuwa zimefunguka kwenye kona kama boksi lililolowa. Zilizofungwa lenta ya nondo kuzunguka kuta zote zilipasuka, lakini nyingi zilibaki zimesimama. Nilijiambia kwamba nikimaliza chuo nitarudi huku. Sikujua bado kwamba lenta ni sehemu rahisi ya kazi hii.

Siku ya usaili mkurugenzi wetu, mama msanifu majengo, hakuniuliza habari za vyeti. Alinipeleka nyuma ya ofisi penye rundo la tofali na kuniuliza, "Hizi zimegharimu nini?" Nikaanza hesabu: udongo, saruji, vibarua, mafuta ya gari. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema nimesahau miti ambayo haikukatwa, na moshi wa saruji. Nilikuwa nimesoma kwamba saruji peke yake inachangia karibu asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotolewa na shughuli za binadamu duniani, ila sikuwahi kuiweka kwenye hesabu ya nyumba moja ya vyumba viwili. Tangu siku ile kila kadirio ninaloandika lina safu hiyo. Wafadhili hawaiombi. Mimi naijaza.

Fundi mkuu wetu ndiye mzee anayeonja udongo. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa mchoma tofali, na alikuwa hodari: watu walimfuata kutoka Muleba hadi Misenyi wampangie tanuri. Huwa anaeleza jinsi tanuri moja la tofali 10,000 lilivyomeza magogo ya mikaratusi usiku na mchana, na mikaratusi ilipokwisha wakaanza kukata miembe, na miembe ilipokwisha wakawa wanasafirisha kuni kutoka mbali zaidi na zaidi. "Nilikuwa nikitazama kilima cha kwetu," aliniambia siku moja tukila mihogo kivulini, "naona kila tanuri langu lilipotoka. Ile kipara ya kushoto ni shule. Ile ya chini ni nyumba ya padri." Alikwenda Dar es Salaam, Mwenge, kwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, akajifunza tofali za kufungamana akiwa mtu mzima mwenye wajukuu. Aliporudi alivunja tanuri lake la mwisho mwenyewe.

Ninamtaja mapema kwa sababu kosa langu kubwa kuliko yote alilibeba pamoja nami.

Tofali ya kufungamana haichomwi. Unachukua udongo wa chini, si ule mweusi wenye mboji, unauchekecha, unachanganya na saruji kidogo, unaushindilia kwa mashine ya mkono, kisha unaiweka tofali kivulini, unaifunika na kuimwagilia maji. Nguvu inakuja hapo, katika kumwagilia na kungoja. Kwa hiyo kila kitu kinategemea udongo ulio nao. Una mfinyanzi kiasi gani, una mchanga kiasi gani? Tuna kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 4. Unajaza udongo uliolowa, unauacha ukauke, kisha unapima umejikunja kiasi gani. Ukijikunja kidogo, saruji kidogo inatosha. Ukijikunja sana, mfinyanzi umezidi. Ongeza mchanga, ongeza na saruji, au hamia shimo jingine.

Katika kijiji kimoja cha barabara ya kwenda Kyaka udongo ulijikunja milimita 24. Mzuri. Tukachanganya saruji sehemu moja kwa udongo sehemu 16, na mfuko mmoja wa kilo 50 ukawa unatupa tofali 80 hivi. Wiki ya pili shimo likafika kwenye mwamba. Vijana wakaniuliza kama wahamie mita 30 pembeni. Fundi mkuu alikuwa msibani Karagwe. Kisanduku kinataka siku kadhaa za kukausha, na mimi nilikuwa na ratiba niliyokwisha kuituma kwa mfadhili. Nikauangalia udongo: rangi ileile, harufu ileile. Nikasema chimbeni.

Tulifyatua tofali 1,400. Mzee aliporudi hakusema neno. Alipita kwenye safu akizigusa kwa kiganja, akasimama penye moja, akaikuna kwa ukucha, kisha akaichukua na kuitumbukiza kwenye pipa la maji. "Tulale," akasema. Asubuhi ilikuwa imekuwa uji. Kisanduku cha shimo lile jipya, tulipokipima hatimaye, kilionyesha milimita 52.

Nilimwomba anigombeze. Ninakumbuka kabisa nilisema hivyo, "Mzee, nigombeze," kwa kuwa ukimya wake ulikuwa unaniumiza. Akaniambia nitafute nyundo. Siku mbili tulivunja tofali zile moja moja, yeye na mimi na saidia fundi wawili, tukamwaga kifusi kwenye ujazo wa sakafu. Mifuko 17 ya saruji ilizikwa pale. Alipokuwa anavunja alinifundisha kwa maneno machache yale ambayo chuo hakikunifundisha: kuchukua kidogo cha udongo na kukisaga kwa meno ya mbele. Mchanga unalia, mfinyanzi unateleza. Kipimo hicho hakisemi kila kitu, lakini kingetosha siku ile kunizuia. Mpaka leo kile kisanduku hakibaki ofisini, kinasafiri ndani ya gari kama gurudumu la akiba.

Nyumba ile ilisimama, imechelewa mwezi mzima. Mama mwenye nyumba alikuwa anaishi na watoto wanne kwenye jiko la shemeji yake, na mwezi huo ulikuwa wa mvua. Hilo silihesabu kwa mifuko ya saruji.

Sasa turudi kwa bibi na kanga zake.

Niliporudi ofisini jioni ile sikujua niseme nini. Aliyenisaidia ni dereva wetu. Nilikuwa nimemchukulia kwa muda mrefu kama mtu wa gari, mtulivu, anayetusubiri chini ya mti. Kumbe wakati sisi tunapima na kupiga picha, yeye alikuwa amekaa na majirani. Alijua nyumba zetu kuliko mtu yeyote mle ofisini. Alianza kutaja, moja baada ya nyingine, bila karatasi. Kwa mwalimu mstaafu watoto wanalala sebuleni kwa kuwa chumba cha kaskazini kina unyevu. Kwa yule fundi cherehani tangi la maji limezaa mbu kwani bomba la kumwagia ziada halikuwekwa wavu, na mkewe amekata gata ili lisijae tena. Kwa kijana wa pikipiki mchwa wameshapanda kwenye mbao za paa. Kwa wale dada wawili mayatima mambo ni mazuri kabisa, hata rangi wamepaka.

"Kwa nini hukusema?" mkurugenzi akamwuliza.

"Mama, hakuna aliyeniuliza. Na fomu yenu inauliza 'nyumba ikoje?' Mtu umempa nyumba, halafu unarudi na kamera unamwuliza ikoje. Atajibu nini? Atasema nzuri sana, Mungu awabariki. Mimi huwa naomba maji ya kunywa. Nikiona yanatoka kisimani wakati tangi lipo, nimeshajua."

Siku ile fomu ya ufuatiliaji ilikufa. Badala yake tukakubaliana mambo aliyotufundisha yeye: omba maji ya kunywa, uliza watoto wanalala wapi, omba kusaidia kupika, kaa hadi giza liingie. Ninaamini kwa dhati kwamba hakuna mtaalamu aliyetufaa kuliko dereva yule, na ilituchukua miaka kumwalika kwenye kikao. Leo anakaa kwenye kila kikao cha michoro, na posho yake ni sawa na yetu.

Tatizo la matundu lilikuwa letu sote, na lilianzia mbali. Mafunzo tuliyopata, michoro tuliyoazima, mifano tuliyoisifia, vyote vilizaliwa mahali penye joto kali. Dar es Salaam au Tanga ukipitisha upepo ndani ya nyumba umemwokoa mtu. Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Victoria. Usiku nyuzi hushuka hadi 16 au 17, na mvua ya mwaka ni takriban milimita 2,000. Adui wa hapa ni baridi yenye unyevu. Tulikuja na dawa ya ugonjwa ambao mgonjwa hakuwa nao, tukaiita nyumba ya kijani, na bibi mwenye miaka sabini na kitu akakohoa miezi kumi na miwili.

Kilichomchoma mkurugenzi zaidi ni kwamba jibu lilikuwa mbele yetu. Yeye ni Mhaya, amekulia kwa bibi yake, na amewahi kulala ndani ya msonge. Alituchorea ubaoni: nyumba ya mviringo, nyasi kuanzia kileleni hadi karibu na ardhi, mlango mfupi wenye upenu unaotangulia mbele, moto katikati, na moshi unaojichuja taratibu kupitia nyasi, unakausha paa na kufukuza wadudu. Hakuna ukuta unaokutana na mvua. "Babu zetu walijenga paa wakaishi ndani yake," alisema. "Sisi tumejenga kuta tukaziacha zilowe." Hakusema turudi kwenye nyasi. Moshi ule ulikuwa unaumiza macho na mapafu ya akina mama, anajua kwa kuwa aliukohoa. Alisema tujifunze upenu.

Basi tukaanza upya. Upenu ukatoka sentimita 40 hadi 90. Matundu yakapungua, yakapanda hadi chini kabisa ya paa ambako mvua haifiki, na kila moja likapata wavu wa mbu pamoja na kifuniko cha mbao chenye bawaba ambacho mtu anakivuta kwa kamba akiwa kitandani. Upande wa ziwa tukaacha mawili tu. Chumba cha kulala kikahamia upande unaopata jua la asubuhi. Michoro hiyo tuliichora na bibi. Alikuja ofisini kwa pikipiki, akakaa siku nzima, akakataa kifuniko cha kwanza kwa sababu bawaba ilikuwa ngumu kwa vidole vyake, akakataa na cha pili. Cha tatu akakifunga na kukifungua mara kumi bila kusema kitu, kisha akaomba chai.

Maji yalikuwa rahisi zaidi kurekebisha, ingawa hapo ndipo penye faida kubwa. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya paa inatoa lita moja. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 10, ambayo huku ni mvua ya kawaida tu, ni lita 600, na hata zikipotea kidogo njiani unabaki na 500. Mama anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani ameepushwa safari 25 kwa mvua moja. Lakini wavu wa shilingi elfu chache kwenye bomba la ziada ukikosekana, anakata gata na anarudi kisimani. Tumeweka wavu kwenye matangi yote ya zamani, na bomba la kumwaga maji ya kwanza yanayosafisha paa. Kazi ya siku moja kwa kila nyumba.

Kilichokuwa kigumu ni fedha za kurudi.

Hapa lazima nimweleze mhasibu wetu, kwa sababu bila yeye haya yote yangebaki maneno ya kikao. Ni dada wa makamo, mpole wa sauti, na daftari lake halina mkwaruzo. Mradi uliokuwa unafuata ulikuwa wa nyumba 12. Mfadhili alihesabu nyumba: ngapi zimeanza, ngapi zimekwisha, gharama ya kila moja. Ziara baada ya kukabidhi funguo hazikuwa na mstari kwenye bajeti. Dada mhasibu alikaa siku tatu, akaja na karatasi moja. Akaonyesha kwamba kila nyumba ikitengewa ziara tatu, baada ya masika ya kwanza, baada ya mwaka, na baada ya miaka mitatu, pamoja na akiba ndogo ya kurekebisha tutakachokikuta, fedha zilezile zinajenga nyumba 10.

Kumi, si kumi na mbili. Na orodha ya familia 12 ilikuwa imekwisha kusomwa kijijini.

Tuligombana. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Watu wanaopendana kazini wanaweza kugombana hadi machozi. Afisa wetu wa jamii, kijana aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuandika majina, alisimama akasema hatakwenda kumwambia mtu yeyote kwamba nyumba yake imegeuzwa kuwa mafuta ya gari. Dada mhasibu akamjibu kwa sauti yake ileile ya chini kwamba nyumba isiyorudiwa tunaiandika kwenye ripoti kuwa imekamilika ilhali hatujui, na yeye hawezi tena kutia saini kitu asichokijua. Mkurugenzi alilia. Mimi nilikuwa upande wa mhasibu na bado niko huko, lakini sikuwahi kuona kwamba kijana yule alikosea kuumia.

Mfadhili alikubali baada ya barua nne. Tulikwenda kijijini wote tisa, pamoja na mhudumu wa ofisi, tukakaa na familia zile mbili na kueleza. Mojawapo ilijengewa mwaka uliofuata kwa michango ya mafundi tuliowafundisha, waliofyatua tofali bure Jumamosi nane mfululizo. Nyingine ilihamia Mwanza kabla hatujaifikia. Afisa wa jamii aliondoka miezi michache baadaye, akaenda kwa mkandarasi mkubwa anayelipa mara mbili ya sisi na kwa wakati. Simlaumu. Mwaka ule mishahara yetu ilichelewa miezi mitatu, na yeye alikuwa na mtoto mchanga. Watu wengi wanaondoka hivyo kwenye mashirika kama letu. Wanaipenda kazi, ila mapenzi hayalipi kodi ya nyumba. Nimeshuhudia vijana wanne wenye vipaji wakiondoka na maarifa ya udongo wa wilaya nzima kichwani mwao. Inaniuma kila mara, na ninaona ni kosa kwamba fedha za kununua mashine hupatikana haraka kuliko fedha za kumbakiza mtu anayejua kuitumia.

Ziara zenyewe zimenifundisha kuwa makini na furaha ya siku ya kukabidhi. Siku ile kila kitu kinang'aa. Bati halijapigwa na mawe ya watoto, sakafu haijapata maji ya kufulia, na mwenye nyumba hajalala. Baada ya masika ya kwanza ndipo nyumba inapoanza kusema. Tumekuta tofali za chini zinamong'onyoka kwa sababu mvua inaruka kutoka ardhini na kupiga ukuta. Sasa msingi wa mawe tunaupandisha zaidi na tunamwaga kokoto kuzunguka. Tumekuta majiko sanifu yamegeuzwa mahali pa kutagia kuku kwani chungu cha kupikia ndizi hakienei. Tumekuta pia mazuri ambayo hatukuyapanga. Mama mmoja ametumia matone ya bomba la tangi kumwagilia mchicha, akawa anauza. Fundi kijana, ambaye kwenye mafunzo alikuwa wa mwisho kuelewa, amejenga mwenyewe choo cha shule kwa tofali za kufungamana, kona zote zina nondo zilizopita kwenye matundu ya tofali na kujazwa zege, na lenta imezunguka bila kukatika. Fundi mkuu aliweka timazi kila kona. Alipomaliza alimpa kijana ile timazi.

Mwezi wa tano, masika ya tatu, ilikuwa zamu ya nyumba ya bibi. Tuna utaratibu sasa kwamba katika kila ziara mmoja wetu analala, na nilikuwa nimeomba kijiji hiki kiwe changu. Nilimletea sukari na sabuni. Tulipika ndizi na maharage, nikachota maji kwenye tangi lake, tukazungumza habari za mama yangu, ambaye nyumba yake tuliijenga upya kwa lenta mbili na bado anaweka ufunguo chini ya mto anapolala. Bibi akanipa kitanda chake, nikakataa, akakasirika, nikakubali.

Mvua ilianza saa sita usiku. Ilikuja kutoka ziwani kama alivyosema mara ya kwanza, kwa upepo, ikapiga bati hadi sauti nyingine zote zikapotea, kisha nikaanza kusikia tangi likijaa. Nililala nimekodoa macho nikingoja tone. Nilipitisha kiganja ukutani juu ya kichwa changu, pakavu. Kwenye saa tisa baridi iliongezeka. Nikasikia bibi ananyanyuka kwenye mkeka, anapapasa gizani, kisha kamba ikavutwa na kifuniko cha upande wa ziwa kikajifunga. Kile cha upande wa migomba alikiacha wazi. Akarudi kulala.

Asubuhi nilifungua daftari nikaandika: *ukuta wa mashariki mkavu. Chumba cha kaskazini unyevu kidogo sakafuni, angalia mtaro wa nje. Kamba ya kifuniko cha kwanza imechakaa, nilete nyingine.* Bibi alikuwa nje anafagia majani. Aliniuliza kama nimelala vizuri, kisha, kabla sijajibu, akaniuliza ni nani atakayekuja kulala mwakani, ili ajue kama ni mtu wa chai au wa uji.